Gari Likikosa Nguvu, Pima Kwanza

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema gangaganga za mganga humpa mgonjwa tumaini. Hawakusema kwamba humponya. Wiki hii nataka tuzungumzie mgonjwa mmoja ambaye wengi wetu tunaye nyumbani: pikapu kuukuu ya petroli.

Yangu hutumia nozeli, si kabureta. Siku moja nilikuwa naipeleka Ilula, mkoani Iringa, ikiwa na mifuko 12 ya saruji. Hadi Ruaha Mbuyuni ilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda Mlima Kitonga, nguvu zikaisha. Nilikanyaga mafuta hadi chini, nayo ikazidi kupungua mwendo. Upande mmoja jabali, upande wa pili korongo, na nyuma yangu malori mawili yakipiga honi. Anayeijua barabara ile atanielewa: pale si mahali pa kuzimikiwa na gari.

Nilifika juu kwa giya ya kwanza. Fundi wa kwanza akaisikiliza injini dakika mbili, akasema, "Mzee, pampu imekufa." Nikanunua pampu, akaifunga. Safari iliyofuata nilipopakia mzigo, ugonjwa ulikuwa palepale.

Fundi wa pili hakuniagiza spea yoyote. Alileta geji ya presha, akaifunga kwenye njia ya mafuta karibu na injini. Gari likiwa limesimama, injini ikiunguruma taratibu, geji ilisoma paundi 36 kwa inchi ya mraba. Akachomoa mpira mdogo wa hewa kwenye rejuleta, presha ikapanda hadi 44. "Rejuleta nzima," akasema. Nikadhani basi mafuta hayana kosa. Akacheka: "Bado, mzee. Twende barabarani."

Geji tuliibandika nje ya kioo cha mbele, maana petroli haiingizwi ndani ya gari. Tulipopanda kilima na mzigo, presha ilipaswa kukaribia 44. Ilianguka hadi 20.

Hapo ndipo nilipopata somo. Presha na wingi wa mafuta ni mambo mawili. Fikirini bomba la maji la mtaani: akichota mtu mmoja, maji yanatoka kwa nguvu, wakifungua majirani wote, yanakuwa kama uzi. Injini iliyotulia hunywa kidogo, hata njia iliyoziba nusu huitosheleza. Ikipanda mlima na mzigo, hunywa mara nyingi zaidi, na hapo kasoro hujitokeza.

Alifungua filta ya mafuta, ikamwaga matope mekundu ya kutu kutoka kwenye tangi. Tuliosha tangi, tukaweka filta mpya, na nguvu zikarudi. Bei ya filta haikufika robo ya bei ya ile pampu niliyoinunua bure.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anzeni na vitu rahisi. Badilisheni filta. Kagueni kama bomba la mafuta limebonyea. Pimeni umeme unaofika kwenye pampu ikiwa inafanya kazi, kwa sababu waya uliooza huidhoofisha pampu nzima. Gari likizimika baada ya mwendo, kisha likapona likipumzika, fungueni kifuniko cha tangi. Mkisikia tangi likivuta hewa kwa nguvu, huenda tundu la kupumulia limeziba.

Wenye kabureta wasiige vipimo vyangu. Pampu zao nyingi husukuma paundi 3 hadi 6 tu; zikizidi, kabureta hufurika. Kila mmoja afuate kitabu cha gari lake.

Tena si kila uzito ni wa mafuta. Filta ya hewa iliyojaa vumbi, klachi inayoteleza, breki zinazoshika na sailensa iliyoziba huleta dalili zilezile.

La mwisho ni usalama. Njia ya mafuta ya nozeli hubaki na presha hata injini ikizimwa. Itolewe presha kwanza, injini ipoe, na pasiwe na sigara wala cheche karibu.

Fundi akikuambia kitu fulani kimekufa, muulize kwa heshima: "Umepimaje?" Swali hilo halina gharama, nami laiti ningeliuliza kabla ya kununua pampu.

Kwaherini hadi wiki ijayo.