Kutorudi Joto Si Ushahidi wa Mimba

Kuanzia Litein hadi Silibwet, boma lenye majani chai aghalabu lina ng'ombe mmoja au wawili wa Friesian au Ayrshire. Bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka. Maziwa ndiyo hununua unga wiki hadi wiki. Ng'ombe anayedhaniwa ana mimba kumbe hana, anamla mfugaji kimyakimya: kila mzunguko wa siku 21 unaopotea unasogeza mbele siku ya kuzaa, na kukamua kunachelewa vivyo hivyo.

Wengi huhesabu hivi: alipandishwa, siku 21 zimepita, hajarudi joto, basi ameshika. Mimi siikubali hesabu hiyo, hasa huku kwetu. Joto hudumu saa chache tu, na mara nyingi huanza usiku au alfajiri, wakati watu wanajiandaa kwenda kuchuma chai. Tena aliyefungwa peke yake zizini hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo ishara kubwa kuliko zote haionekani. Hata damu kidogo mkiani siku 2 au 3 baadaye haisemi kama ameshika. Inaonyesha tu kwamba joto lilikuwapo.

Uthibitisho ni mkono wa daktari wa mifugo. Mzoefu anaweza kutambua mimba ya siku 40 hivi, lakini mimi nashauri usubiri siku 60. Daktari huvaa glavu ndefu, hupitisha mkono kwenye njia ya kinyesi na kupapasa mfuko wa uzazi ulio chini yake. Akiwa na mimba, pembe moja ya mfuko imekuwa kubwa kuliko nyingine na ina maji. Akiubana ukuta wake taratibu kwa vidole, utando wa mimba humteleza. Kuanzia mwezi wa 4 mshipa mkubwa wa damu unaolisha mfuko hutetemeka chini ya kidole badala ya kupiga kama mshipa wa kawaida. Mwezi wa 5 au 6 mfuko huzama tumboni na huenda ndama asifikiwe kabisa. Hapo mshipa huo ndio shahidi.

Usikubali kamwe ng'ombe achomwe sindano ya kuleta joto kabla hajapimwa. Akiwa na mimba changa, sindano hiyo huitoa. Na wapo wachache wenye mimba wanaoonyesha joto, hivyo kumpandisha tena bila kumpima ni hatari vilevile.

Tarehe ya kuzaa ni hesabu rahisi ukiwa umeandika siku ya kupandishwa. Mimba huchukua takriban siku 283: ongeza miezi 9 na wiki moja hivi. Aliyepandishwa 12 Machi utamchunguza joto kuanzia 30 Machi, atapimwa 11 Mei, na utamtarajia kuzaa karibu 20 Desemba. Friesian na Ayrshire hutangulia kwa siku chache. Sahiwal na zebu huchelewa. Mkaushe maziwa siku 60 kabla, yaani 21 Oktoba, ili kiwele kipumzike.

Kama alipandwa na dume malishoni na hakuna aliyeona, mpimishe mapema. Katika miezi 3 ya kwanza daktari hukadiria umri wa mimba kwa karibu sana. Baada ya hapo makadirio yanaweza kupishana kwa wiki kadhaa, na siku ya kumkausha utaikisia tu.