Mungu amekusamehe, mbona wewe bado unajihukumu?

Ulibeti kwa simu ukamaliza karo ya muhula mzima, na nyumbani walikuwa wameuza ng'ombe. Au pengine si karo. Ni pesa za chama ulizoaminiwa uziweke, ama siri ya rafiki uliyoimwaga. Umetubu. Umeombewa mbele ya kanisa, ukalia hadi kamasi. Lakini ukirudi kwa keja na kuzima taa, kesi inaanza upya, na hakimu ni wewe mwenyewe.

Vijana wengi hudhani kujitesa hivi ni unyenyekevu. La hasha. Ukiungama Jumapili, kisha Jumatatu ujihukumu tena kwa kosa lilelile, ni kama unasema korti yako iko juu ya ile ya Mungu.

Hebu soma tena usiku ule Yesu aliposhikwa. Yuda alimuuza kwa vipande 30 vya fedha. Petro, aliyekuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba hatamwacha, alimkana mara tatu, na aliyeanza kumtikisa ni kijakazi tu wa mlangoni. Wote wawili walijuta. Watu husahau kwamba hata Yuda alirudisha zile pesa na kukiri amekosa. Tatizo ni kwamba alikiri kwa makuhani waliomnunua, ambao hawakujali, kisha akaenda zake peke yake akajinyonga. Petro alilia kwa uchungu, lakini alibaki na wenzake. Yesu alimkuta ziwani akivua nao.

Injili ya Yohana inataja moto wa makaa mara mbili pekee. Wa kwanza uko uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota huku akikana. Wa pili uko ufuoni, baada ya ufufuo, samaki wakiwa juu yake. Yesu alimlisha kwanza. Kisha akamuuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akamkabidhi kondoo wake. Swali la tatu lilimhuzunisha Petro, kwa hivyo usidhani kusamehewa hakuumi.

Sasa, kujisamehe hakufuti deni. (Hapo ndipo wahubiri wengi wa TikTok hutupoteza.) Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Wewe huenda huna hata ya mara moja, sawa. Mwambie mzee ukweli kabla hajausikia kutoka shuleni. Funga akaunti ya kubeti. Tuma hata mia mbili kila wiki. Mzee anaweza kununa miezi mingi. Ni haki yake, na hasira yake si hukumu ya Mungu.

Tafuta pia padri, pasta au mlezi wa vijana anayejua kufunga mdomo, umweleze yote. Na ikiwa mawazo yamefika pale pa kutaka kufa, usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo, akusindikize hospitalini.