Uliza soko kabla ya kuagiza mzigo

Mtaji wa wafanyabiashara wengi wadogo hulala stoo kwa sababu mzigo uliagizwa kwa kukisia. Huduma ya Google Forms, iliyoanza mwaka 2008, hutengeneza dodoso bila malipo. Kinachohitajika ni akaunti ya Google tu. Andika maswali, tuma kiungo kwa WhatsApp, na majibu hujumlishwa yenyewe kwa asilimia.

Maswali matano yanatosha. Usiulize, "Utanunua?" Wengi hujibu ndiyo kwa adabu. Uliza, "Mara ya mwisho ulinunua lini, wapi, kwa bei gani?" Usiombe majina usiyoyahitaji.

Tahadhari: wateja wasio na intaneti hawamo katika asilimia hizo. Hao waulize dukani, kabla fedha haijatoka.