Ripoti ya PIP Ikikuandika Usivyo

Mwaka 2018 kamati ya Bunge la Uingereza ya kazi na pensheni ilitoa ripoti juu ya upimaji wa walemavu, baada ya kuandikiwa na watu karibu 4,000. Mmoja wao alikuta imeandikwa katika ripoti ya upimaji wake kwamba humtembeza mbwa wake kila siku. Kutembea kwenyewe kwake ni taabu, na mbwa hana. Mwingine aliandikiwa kwamba aliinuka kitini bila shida, ilhali siku ile hakutoka kitandani, na kiti pekee chumbani alikikalia mkaguzi. Habari ya mbwa hutuchekesha sisi Wabajuni, lakini bahasha ya kaki ya wizara ikifika kwa mzee wetu aliyetoka visiwa vya Koyama au Chula, Somalia, kicheko huisha.

PIP, posho ya walemavu nchini Uingereza, ilianza mwaka 2013. Anayeamua ni afisa wa wizara ya kazi na pensheni, ambaye hakuoni. Anayekuhoji ni muuguzi au mtaalamu mwingine wa afya aliyeajiriwa na kampuni binafsi, mara nyingi kwa simu. Yeye huandika, afisa husoma. Kuna shughuli 10 za nyumbani, kama kupika, kuoga na kuvaa, na mbili za kutembea na kusafiri. Katika kila fungu, pointi 8 zinakupa malipo ya kawaida, 12 ya juu. Na sheria haiulizi tu kama unaweza. Inauliza kama unaweza bila hatari, kwa namna inayoridhisha, tena na tena, bila kutumia zaidi ya maradufu ya muda wa mtu mzima wa afya, na kwa kawaida huangalia hali yako katika zaidi ya nusu ya siku zote.

Hapo ndipo ripoti nyingi hupotea, na kwetu adabu huongeza. Mzee akiulizwa hali atasema sijambo, alhamdulillahi, hata kama usiku kucha goti halikumpa usingizi. Bibi akiulizwa kama anapika atajibu ndiyo, maana kusema hapiki ni aibu. Hatasema kwamba mkono unatetemeka, na kwamba binti yake ndiye anayeepua sufuria ya wali tangu maji ya moto yalipommwagikia mguuni. Mkaguzi ataandika: anapika mwenyewe. Hakudanganya. Hakuuliza swali la pili.

Kisha kuna mkalimani. Karatasi zikisema Somalia, huletwa mkalimani wa Kisomali, na mtu wa Chula akabaki kuokoteza maneno. Siku ya kupangiwa tarehe sema wazi kwamba unataka Kiswahili. Ila ugeni wa Kiingereza wenyewe hauna pointi. Mazungumzo hupimwa kwa lugha yako.

Kwa wengi wetu hii si mara ya kwanza karatasi ya mtu asiyetujua kutuamulia. Baada ya vita vya Somalia vya 1991 watu wetu walikimbilia Mombasa, na waliofika Uingereza kuomba hifadhi wakajikuta wakipimwa usemi ili ijulikane walikotoka. Ripoti za kampuni ya Sweden, Sprakab, zilitokana na mahojiano ya simu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu Kabisa ya Uingereza, katika kesi ya watu wawili waliosema ni Wasomali, iliona kwamba ripoti hizo zinaweza kupokelewa, lakini uzito wake upimwe kesi kwa kesi, na mchambuzi asivuke mipaka ya utaalamu wake. Ile ya PIP nayo ichukulie hivyo: ni ushahidi, na ushahidi hujibiwa.

Piga simu wizarani uombe nakala ya ripoti, ni bure. Ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi, omba uangaliwe upya. Walio Scotland wana posho yao nyingine na siku 42. Pitia ripoti mstari kwa mstari: imesema nini, ilikuwaje, nini kinathibitisha. Barua ya daktari inayotaja ugonjwa tu haisaidii sana. Maelezo ya binti juu ya ile sufuria yanasaidia zaidi. Neno "mwongo" liache nje, hata kama unaliamini. Afisa anahesabu pointi, haamui ugomvi. Kama mkaguzi alikukosea heshima, yapeleke malalamiko hayo kwa kampuni, peke yake.

Wakikataa, una mwezi mwingine wa kwenda kwenye baraza la rufaa, ambako hukaa jaji, daktari na mjuzi wa maisha ya ulemavu. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya wanaosikilizwa wameshinda. Lakini baraza laweza kuzigusa hata pointi ulizokwisha kupewa, basi pata ushauri kwanza, na omba kuhudhuria badala ya kutuma karatasi tu. Watakachotazama ni hali yako siku uamuzi ulipotolewa. Ugonjwa ukizidi baada ya hapo, hiyo ni simu nyingine ya kupiga wizarani.