Kununua Mchezo wa Kompyuta Mtandaoni: Unamlipa Nani, na Unapata Nini?

Zamani mchezo wa kompyuta uliuzwa kwenye diski, ndani ya kasha. Siku hizi kampuni ndogo huweza kuwafikia wanunuzi wa dunia nzima bila kiwanda wala ghala. Stardew Valley, mchezo wa ukulima uliotoka mwaka 2016, ulitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone. Wepesi huu una manufaa, lakini unamtaka mnunuzi ajue fedha zake zinakwenda wapi na yeye anapata nini.

Duka kubwa. Katika duka la Steam, mtengenezaji hulipa ada ya dola 100 za Marekani kwa kila mchezo, na duka kwa kawaida hukata asilimia 30 ya mauzo. Ada hiyo si cheti cha ubora. Mnunuzi asiyeridhika hurejeshewa fedha akiomba ndani ya siku 14 tangu aliponunua, mradi awe ameucheza kwa muda usiofika saa 2. Kwa hiyo tunashauri mchezo ujaribiwe mapema, wala usiachwe ukae.

Ni vyema pia kuelewa kwamba kinachonunuliwa hapo ni leseni, yaani ruhusa ya kuutumia mchezo. Akaunti ikifungwa, ruhusa hiyo inaweza kupotea pamoja nayo.

Duka linalotoa faili. Katika itch.io, mtengenezaji mwenyewe hupanga sehemu ya mapato atakayoliachia duka, na mnunuzi akipenda huweza kulipa zaidi ya bei iliyowekwa. Duka la GOG nalo huuza michezo isiyo na kufuli ya kidijitali. Anayenunua kwa njia hii na ahifadhi nakala ya faili mahali salama, kwani ndiyo kinga yake siku duka litakapofungwa.

Kulipa kabla mchezo haujakamilika. Baadhi ya watengenezaji huchangisha fedha kwanza. Kiro'o Games ya Kameruni ilichangisha kupitia Kickstarter, kisha mchezo wake, Aurion, ukatoka mwaka 2016. Si kila mradi hufika mwisho huo. Kickstarter si duka, wala haitoi dhamana kwamba ahadi itatimizwa. Tunamshauri mnunuzi atoe kiasi ambacho hakitamuumiza kikipotea.

Misimbo ya bei ya kutupa. Wapo wauzaji wa pembeni wanaouza misimbo ya kufungulia michezo kwa bei ya chini mno. Baadhi ya misimbo hiyo hununuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa. Mwenye kadi akilalamika, benki hudai fedha zirudishwe, hasara humwangukia aliyeutengeneza mchezo, na msimbo huweza kufutwa. Hapo mnunuzi hubaki mikono mitupu, na rahisi ikageuka ghali.

Kabla ya kulipa, tunahimiza mambo matatu. Kwanza, anzia kwenye tovuti ya mtengenezaji na ufuate kiungo chake kuelekea dukani. Pili, soma masharti ya kurejeshewa fedha. Tatu, tunza risiti na barua pepe ya uthibitisho, kwani malalamiko yasiyo na ushahidi ni vigumu kuyasimamia.