Karume wa Ng'ambo: mjumbe kabla hajawa rais

Tarehe 22 Julai 1957 wanaume wa Unguja na Pemba walipanga foleni kuchagua wajumbe sita wa Baraza la Kutunga Sheria. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa aina yake visiwani. Baraza hilo lilikuwapo tangu 1926, lakini kwa zaidi ya miaka 30 wajumbe wake walikuwa maofisa wa serikali ya Kiingereza na watu walioteuliwa. Mwafrika wa kwanza aliingizwa humo mwaka 1946, naye pia kwa kuteuliwa. Kati ya viti sita vilivyoshindaniwa mwaka 1957, kilichotazamwa zaidi kilikuwa cha Ng'ambo. Huko Abeid Amani Karume, kiongozi wa chama cha Afro-Shirazi, alikabiliana na Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa chama cha Hizbu.

Karume anakumbukwa zaidi kama Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Miaka yake ya ujumbe wa jimbo huguswa kwa mistari michache tu, na hiyo ni hasara, kwa sababu mengi aliyoyafanya akiwa na madaraka yote mkononi yalianzia kwenye mashitaka ya watu wa mtaa mmoja wa mji. Shitaka kubwa kuliko yote lilikuwa la kiwanja.

Ng'ambo ni upande wa mashariki wa mji wa Zanzibar. Zamani mkono wa bahari, ambao sasa umefukiwa, uliutenga na Mji Mkongwe, na watu wakivuka Darajani. Upande wa magharibi zilisimama nyumba za mawe za matajiri, ofisi za serikali na kasri la Sultani. Upande wa mashariki, kuanzia Mchangani na Vikokotoni hadi Kikwajuni, Miembeni na Kisiwandui, waliishi wapagazi, makuli wa bandarini, mafundi, wachuuzi, watumishi wa majumbani, watu waliotoka utumwani na watoto wao, Washirazi waliotoka mashamba, Wangazija na wahamiaji kutoka bara. Nyumba zao zilijengwa kwa boriti na fito, zikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Mbele palikuwa na baraza ya kukaa na nyuma palikuwa na ua wa kupikia.

Nyumba hiyo ilikuwa mali ya aliyeijenga. Angeweza kuiuza, kuipangisha au kuwarithisha wanawe. Ardhi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya mtu mwingine: bwana wa Kiarabu, mfanyabiashara wa Kihindi au wakfu. Mwanzoni wenye ardhi wengi waliwaacha watu wao wakae bure, kwa sababu kuzungukwa na watu kulikuwa heshima. Mji ulipokua na ardhi ikapanda thamani, walianza kudai kodi ya kiwanja, na kila baada ya muda wakaiongeza. Asiyelipa aliambiwa aondoe nyumba yake. Lakini nyumba ya udongo haihamishiki. Kuiondoa maana yake ni kuibomoa, na mwenye ardhi alilijua hilo vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Mwaka 1928 wenzao walipofungwa kwa kukataa kodi, umati uliivamia jela na kuwatoa. Serikali ililazimika kuweka mipaka ya kodi hiyo kisheria, lakini asili ya jambo haikuguswa: ardhi ilibaki kwa wenyewe na watu wakabaki juu yake kwa hisani. Mwaka 1948 makuli wa bandarini waligoma, mgomo ukaenea mjini kote, na Ng'ambo ndiyo iliyokuwa nyumbani kwa wengi wa wagomaji. Miaka hiyohiyo serikali ilijenga jumba la Raha Leo katikati ya mitaa, liwe na mikutano, darasa na redio, likiwa sehemu ya mpango wa kuutengeneza upya upande ule wa mji. Mpango wenyewe haukufika mbali.

Karume alikuwa mtu wa mazingira hayo. Alizaliwa mwaka 1905, akasoma kidogo, kisha akawa baharia na kuzunguka bandari nyingi za dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliacha meli, akashika kazi ya motaboti katika bandari ya Zanzibar, yeye na wenzake waliounda umoja wa kupeleka na kuleta abiria kati ya meli na nchi kavu. Kazi hiyo ilimkutanisha kila siku na makuli, mabaharia na wachuuzi, na ilimpa kipato ambacho hakikutegemea mshahara wa serikali. Kwa kiongozi wa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo, kwani Waafrika wengi waliosoma walikuwa walimu na makarani wa serikali, na serikali iliwakataza watumishi wake kujiingiza katika siasa. Ndiyo maana uongozi wa Jumuiya ya Waafrika, iliyoanzishwa mwaka 1934, ulimwangukia baharia mwenye elimu ndogo. Wapinzani walimdharau kwa elimu hiyo. Katika mitaa ya Ng'ambo, ambako wengi walisoma chuo cha Kurani tu au hawakusoma kabisa, dharau hiyo ilimpa kura.

Februari 1957, miezi michache kabla ya uchaguzi, Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi wa Unguja ziliungana kuwa Afro-Shirazi. Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliohimiza umoja huo. Karume akawa rais wake, na Thabit Kombo, aliyetoka upande wa Washirazi, akawa katibu. Upande wa pili Hizbu ilikuwa na mtaji mwingine. Chimbuko lake lilikuwa chama kilichoanzishwa na wakulima wa Kiembesamaki mwaka 1955, na kwa haraka kilipata viongozi wasomi. Ali Muhsin alikuwa amesoma Makerere na alikuwa mhariri wa gazeti la Mwongozi. Alidai uhuru mapema na kwa sauti kubwa, akahubiri kwamba raia wote wa Sultani ni taifa moja bila kujali asili. Kwa hoja, Hizbu ilikuwa mbele. Ila taifa moja ni neno gumu kulihubiri kwa mtu anayemlipa bwana wake kodi ya mchanga wa chini ya kitanda chake.

Masharti ya kupiga kura yalibana. Mpiga kura alipaswa kuwa mwanamme, raia wa Sultani, mwenye umri wa miaka 25 au zaidi, na awe anajua kusoma au ana mali au kipato cha kiwango fulani. Wanawake hawakupiga kura mpaka uchaguzi wa 1961. Watu wengi wa Ng'ambo waliotoka bara hawakuhesabiwa kuwa raia, na Karume mwenyewe nusura atolewe kwa njia hiyo: Ali Muhsin alikwenda mahakamani akidai kwamba mpinzani wake hakuzaliwa Zanzibar, hivyo hana haki ya kugombea. Mahakama iliamua kwamba Karume amezaliwa Zanzibar. Kesi ile ilimjenga badala ya kumbomoa. Kwa familia nyingi za Ng'ambo, ambazo wazee wao waliletwa kwa majahazi, mtu aliyeulizwa mbele ya hakimu "wewe ni wa wapi?" alikuwa anajibu kwa niaba yao.

Karume alipata kura 3,328. Ali Muhsin alipata 918, na mgombea wa tatu, Ibuni Saleh, akapata 55. Hizbu haikupata kiti hata kimoja kati ya vile sita. Afro-Shirazi ilishika viti vitatu vya Unguja, yaani Ng'ambo, Kaskazini na Kusini. Kiti cha Mji Mkongwe kilikwenda kwa mgombea wa Jumuiya ya Waislamu, na viwili vya Pemba kwa Mohammed Shamte na Ali Sharif, ambao baadaye waliungana na Afro-Shirazi.

Mjumbe mpya wa Ng'ambo aliingia katika baraza lenye maofisa na wateuliwa wengi kuliko waliochaguliwa. Hakuweza kupitisha sheria wala kuzuia bajeti. Alichoweza ni kusema, na zaidi ya hapo ni kuwapanga watu nje ya baraza, na huko ndiko siasa ya miaka ile ilikofanyika. Baada ya uchaguzi baadhi ya wenye mashamba wa upande wa Hizbu waliwafukuza maskwota waliolima kwenye ardhi yao, kwa kuwa walipigia kura upande wa pili. Wafuasi wa Afro-Shirazi nao wakasusia maduka ya wasiokuwa wenzao na kufungua maduka yao ya ushirika. Watu walichagua basi la kupanda, mazishi ya kwenda na msikiti wa kuswali kwa kufuata chama. Kwa mtu wa jimbo, yote hayo yalikuwa utetezi wa watu wake. Kwa kisiwa kizima yalikuwa sumu, na haifai kuyasimulia kama ushujaa mtupu. Mwaka 1958 viongozi wa vyama vya Afrika Mashariki na Kati, chini ya umoja wa PAFMECA, waliwakalisha pamoja viongozi wa Hizbu na Afro-Shirazi katika kamati ya pamoja ya uhuru. Suluhu hiyo haikudumu.

Udhaifu wa siasa ya Karume ulionekana mwishoni mwa 1959. Mohammed Shamte, Ali Sharif na Ameri Tajo, aliyekuwa mjumbe wa Unguja Kusini, walitengana naye wakaunda chama chao, ZPPP. Washirazi wengi wa Pemba walikuwa na mashamba yao wenyewe ya mikarafuu na hawakuwa na ugomvi wa kiwanja. Machungu ya Ng'ambo hayakuwa machungu ya Wete au Mkoani, na kiongozi aliyejengwa na jimbo moja alishindwa kuwafikia.

Hesabu za uchaguzi ziliikuza kasoro hiyo. Januari 1961 viti viliongezwa kuwa 22, na Ng'ambo ikagawanywa. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3, kisha wajumbe wa ZPPP wakagawanyika na serikali ikakosa wingi. Juni mwaka huo uchaguzi ulirudiwa kwa viti 23. Vyama viwili vikubwa vikapata 10 kila kimoja, ZPPP ikajiunga na Hizbu, na siku ya kura zikazuka fujo zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Mfumo ulikuwa ule wa Kiingereza: anayeongoza jimboni ndiye anayechukua kiti, awe amezidi kwa kura moja au kwa elfu tatu. Kura za ziada zilizolundikana Ng'ambo na mashamba ya karibu hazikuwa na pa kwenda. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru chini ya serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte, na mjumbe wa kwanza wa Ng'ambo akawa kiongozi wa upinzani.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa serikali hiyo. Maelfu waliuawa au kukimbia, na Karume akatangazwa Rais. Tarehe 8 Machi mwaka huo ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali. Kwa wakulima hatua hiyo ilifuatiwa na ugawaji wa eka tatu tatu. Kwa Ng'ambo maana yake ilikuwa nyepesi kueleza: kodi ya kiwanja ilikufa. Jambo lililogomewa mwaka 1928 likakoma kwa amri moja. Nyumba nyingi za mawe za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na familia zilizokuwa zikivuka Darajani kwenda kufanya kazi ndani yake zikapewa vyumba humohumo.

Ahadi kubwa zaidi ilikuwa ya makazi. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki zilijengwa fleti za Kikwajuni na Kilimani. Kisha ukaja mpango wa Michenzani: majengo marefu ya ghorofa, kila moja likienda kiasi cha mita 300, yakikutana kwenye mzunguko katikati ya Ng'ambo. Ili yapate nafasi, nyumba nyingi za mitaa hiyo zilibomolewa. Wenye nyumba walipewa fleti, zenye maji ya bomba na umeme, na wengi walizipokea kwa furaha ya kweli. Wengine walipoteza baraza, ua na jirani wa miaka 40, na hawakuwa na pa kulalamika. Wananchi waliitwa kwenye ujenzi kwa jina la kujitolea, na asiyekwenda alijulikana.

Kuhusu ubora wa matofali watu wanaweza kubishana. Lililo zito ni kwamba sasa Ng'ambo haikuwa na mjumbe. Baraza la Kutunga Sheria lilifutwa, vyama vingine vikapigwa marufuku, na Baraza la Mapinduzi likashika utawala na utungaji wa sheria kwa pamoja. Karume alisema waziwazi kwamba uchaguzi hautafanyika kwa miongo mingi. Waliotofautiana naye ndani ya chama chake hawakusalimika: Abdulla Kassim Hanga na Othman Sharif waliuawa mwaka 1969. Mwaka 1957 mtu wa Kisiwandui aliyetaka kupinga kubomolewa kwa nyumba yake alikuwa na mtu wa kumwendea. Mwaka 1970 huyo wa kumwendea ndiye aliyetoa amri ya kubomoa.

Karume aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 katika makao makuu ya Afro-Shirazi, Kisiwandui, alikozoea kucheza bao jioni, naye akazikwa hapohapo. Aboud Jumbe, aliyemrithi, aliendeleza ujenzi wa Michenzani kwa miaka kadhaa. Uwakilishi ulirudi pia, polepole: Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980, chini ya Jumbe, bila wajumbe wake kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na baada ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 watu wa majimbo walipiga kura ya kuwachagua wawakilishi wao mwaka 1985. Kwa wakaazi wa Ng'ambo, wanawake kwa wanaume, ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai 1963.