Degedege Lisilosikia Dawa

Huko Kombani, Kwale, mtoto akishikwa na degedege, wazee husema ni nyuni. Mara nyingi huwa ni homa kali au malaria. Lakini wako wachache wanaokakamaa siku chache tu baada ya kuzaliwa, na dawa za kifafa zisiwafae. Hao wamerithi kasoro kwa baba na mama, ambao wenyewe ni wazima. Takataka isiyovunjwa mwilini huinasa vitamini B6, msaidizi wa vimeng'enya vya ubongo. Tangu mwaka 1954 madaktari wanajua kwamba vitamini hiyo, ikitolewa kwa wingi, huweza kulikomesha degedege hilo. Ila mtoto ataitumia maisha yake yote. Mzazi, usinunue dukani ukajaribu nyumbani. Mkimbize mwana hospitali, nyuni asubiri.